Simu Ndani ya Soksi

Kwa wiki nyingi simu ya mama ilikaa ndani ya soksi. Ilikuwa soksi ndefu ya pamba iliyovutwa hadi karibu na goti, na simu tuliichomeka kwa nje, juu kidogo ya kifundo cha mguu wake mzima. Wageni walishangaa, nami niliwaeleza kila mara: hapo ndipo simu ilipoweza kuziona hatua zake. Tulipoiweka mfukoni, au kuitundika kwenye fremu ya kutembelea, mama alizunguka chumba kizima na simu ikasema hajatembea.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye mzazi wake ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, akapewa karatasi ya mazoezi, na sasa yuko kwenye simu anatafuta programu ya kumsaidia. Zipo nyingi. Sisi tulitumia moja kwa miezi mitano. Ilitufaa, lakini faida yake haikuwa pale nilipoitazamia, na kuna mahali ilikaribia kutuponza.

Mama alikuwa na miaka 77 alipoanguka. Ilikuwa usiku, anakwenda chooni bila kuwasha taa, njia aliyoipita miaka na miaka. Nilipomkuta koridoni, mguu wake wa kulia ulionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Baadaye niliambiwa kwamba daktari akiona hivyo hushuku nyonga hata kabla ya picha. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika shingoni, pale unapokaribia kuingia kwenye nyonga. Kesho yake wakamfanyia upasuaji, wakaondoa kichwa cha mfupa na kuweka cha chuma. Siku iliyofuata, mimi nikiwa bado nawaza kwamba atalala wiki mbili, wakamsimamisha kando ya kitanda.

Niliona ni ukatili. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amechanganyikiwa, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, na sasa wanamtaka asimame! Mtaalamu wa fiziotherapia alinivuta pembeni akanieleza kwa sauti ya chini. Mzee akilazwa tu, damu huganda miguuni, mapafu hushikwa na maambukizi, visigino na makalio hutoka vidonda, na misuli hunyauka siku hadi siku. Wengi wanaovunjika nyonga hawarudii kutembea kama zamani, na kwa wastani mmoja kati ya wanne au watano hafikishi mwaka. Hata huku kuchanganyikiwa, aliniambia, huwapata wazee wengi baada ya upasuaji, na kuamka na kukaa ni sehemu ya tiba yake. Tangu siku ile sikumhurumia mama kwa kumwacha alale.

Tulirudi nyumbani na karatasi moja yenye michoro midogo, imenakiliwa mara nyingi hadi huoni goti liko wapi na kisigino kiko wapi. Ndipo nikapakua programu. Ilikuwa na video, kengele za kukumbusha, kipimo cha maumivu kutoka 0 hadi 10, kihesabu hatua, na duara lililojaa rangi ya kijani kadiri siku ilivyokamilika. Nilihisi nimempata mtu wa kunisaidia.

Ilipoanza iliuliza mambo matatu tu: umri, tarehe ya upasuaji, na upande upi. Haikuuliza ni upasuaji wa aina gani. Mama alikuwa amepasuliwa kwa nyuma ya nyonga, kwa hiyo kwa miezi mitatu ya mwanzo tulikuwa na masharti: asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, asigeuze mguu kwa ndani. Kiti kifupi marufuku, na chooni tuliinua kikalio. Siku ya nne likatokea zoezi jipya kwenye orodha. Kijana mwenye mwili wa mwanamichezo alilala chali, akashika goti kwa mikono miwili, akalivuta hadi kifuani.

Mimi nilikuwa tayari namlaza mama. Yeye ndiye aliyeweka mkono juu ya kioo.

"Mwanangu, si hili ndilo tulilokatazwa?"

Ndilo. Kwa mtu ambaye mfupa wake umeungwa kwa skrubu huenda lisingekuwa na neno, lakini kwa nyonga ya chuma ambayo misuli ya nyuma yake ndiyo kwanza inashikana, kukunja hivyo kunaweza kuichomoa mahali pake. Nilimpigia yule mtaalamu kwa video, tukapitia orodha nzima zoezi kwa zoezi. Kati ya kumi na manne alituachia saba. Kupiga nyayo juu na chini ukiwa umelala, ili damu ya miguuni isitulie. Kukaza paja ukilisukuma goti chini kwenye godoro. Kukaza makalio. Kuburuta kisigino kukunja goti kidogo. Kupeleka mguu pembeni. Kuinuka kitini na kukaa tena. Kusimama umeshika meza imara na kunyanyua visigino. Kila moja mara kumi, mara tatu kwa siku. Yale mengine saba tuliyafuta yasionekane tena. Kama programu yenu haikuruhusu kufuta zoezi, kwa maoni yangu tafuteni nyingine. Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza, kabla ya uzuri wa video na kabla ya kitu kingine chochote.

Basi tukaanza, na tatizo la pili likawa kidole.

Vidole vya mama vikavu, na hugusa kioo kama mtu anayejaribu joto la pasi: taratibu, kisha anatulia hapo. Simu ilidhani anabonyeza kwa makusudi kwa muda mrefu, ikafungua menyu asiyoijua. Alitaka kucheza video, akajikuta anaulizwa kama anataka kuifuta programu. Mara tatu hivi, akaiweka chini, akasema kitu hiki hakikutengenezwa kwa ajili yake. Siku mbili hakukigusa. Mimi nilimwonyesha tena na tena namna ya "kugusa haraka", kana kwamba kosa ni lake, mpaka mjukuu wake wa miaka kumi na tatu aliponyang'anya simu akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya urahisi wa matumizi, akaongeza muda ambao simu husubiri kabla ya kuhesabu kwamba kidole kimekandamiza. Ilichukua chini ya dakika moja. Akakuza maandishi, akaondoa kila kitu kwenye uso wa simu isipokuwa programu ile, simu ya kawaida na tochi. Kengele ya programu ilikuwa mlio mwembamba ambao mama hakuusikia, kwa kuwa masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba. Mtoto akarekodi sauti yake mwenyewe badala yake: "Bibi, inuka kidogo." Kengele ile mama hakuipuuza hata siku moja.

Sasa ule mchezo wa soksi. Simu huhesabu hatua kwa kuhisi mtikisiko wa mwili. Mtu anayetembea kwa kawaida hutikisika vya kutosha. Mzee anayesukuma fremu, akiburuta mguu sentimita chache, hatikisiki, na mashine haimwoni. Siku ya kwanza mama alitembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, mara nne, jasho linamtoka. Nilipomwonyesha simu ilikuwa imeandika 0. Nakumbuka uso wake. Hakusema neno, alikaa tu akatazama dirisha. Kifundo cha mguu, hata kikienda polepole, husogea kuliko kiuno, na tulipohamishia simu kule ikaanza kumwona. Haikuwa sahihi kabisa, nilihesabu mwenyewe nikaona inaruka baadhi, lakini alipata namba yake.

Nami nikaingiwa na ugonjwa wa namba. Wiki ya tatu hatua 180 kwa siku, wiki ya nne 400. Kila jioni nilipiga picha lile duara la kijani nikalituma kwenye kundi letu la ndugu. Majibu yalimiminika, makofi, mioyo, "hongera mama yetu". Nilimsomea yote. Alitabasamu. Niliamini namtia moyo.

Wiki ya tano, jioni moja nikimvua soksi, niliona muundi wa mguu wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto. Ngozi ilikuwa inang'aa. Nilibonyeza kwa kidole gumba, kikaacha shimo ambalo halikufumba upesi. Palikuwa na joto. Nilifungua programu nikatazama maumivu aliyoandika siku sita zilizopita: 2, 2, 2, 1, 2, 2.

"Mama, hapa hapaumi?"

"Panauma."

"Tangu lini?"

"Siku nne. Usiku zaidi."

"Mbona umeandika mbili?"

Alinyamaza kidogo. "Nikiandika saba inanipunguzia mazoezi, duara halijai. Na wenzio wanasubiri picha."

Roho iliniruka. Tulikimbilia hospitali usiku ule ule, kwa sababu baada ya upasuaji wa nyonga bonge la damu linaweza kuota kwenye mishipa ya mguu, na likikatika likapanda hadi mapafuni linaweza kuua. Hatari hiyo haiishi siku ya kutoka wodini, huendelea kwa wiki kadhaa, ndiyo maana huwapa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa takriban mwezi. Walimpiga ultrasaundi ya mguu. Hakukuwa na bonge. Uvimbe ulitokana na kutembea kupita kiasi halafu kukaa saa nyingi mguu umening'inia. Daktari alituambia tulifanya vema kuja, na kwamba mguu mmoja ukivimba na kuuma, au mgonjwa akikosa pumzi ghafla, au kifua kikimchoma, asisubiriwe asubuhi.

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini usiku ule, nikiwa kwenye benchi la hospitali, sikuweza kumlaumu mama kwa kuficha. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilichukua chombo cha kumfahamu mgonjwa nikakigeuza kuwa mtihani, nami nikawa msimamizi anayesambaza matokeo kila jioni. Mzee aliyelea watoto kwa kutolalamika, ukimpa nafasi ya kuchagua kati ya ukweli na furaha ya wanawe, utajua atachagua nini. Programu yenyewe haikuwa na la kufanya. Iliambiwa mbili, ikaandika mbili.

Tulirudi nyumbani nikazima lengo la hatua. Picha kwenye kundi zikaisha, na niliwaeleza ndugu zangu sababu. Swali la maumivu nikaligawa: ukiwa umetulia, ukiinuka, na usiku. Namba moja ya siku nzima haisemi kitu, kwani mama akiwa kitini ana 1 na akigeuka kitandani ana 6. Kulikuwa na sehemu ya kuandika maelezo ambayo hatukuwahi kuigusa. Kila jioni nikamuuliza, "Leo nini kimekushinda?" na nikaandika jibu lake kama alivyolitamka. "Kuvaa kiatu cha kulia." "Kugeuka jikoni na fremu." "Kuinuka chooni bila kushika." Mtaalamu wetu aliposoma kurasa hizo, na zilimfikia kila Ijumaa, aliniambia wiki moja ya maelezo yale imemsaidia kuliko hesabu zote za hatua. Jibu la kiatu lilimfanya atutafutie kivalishio kirefu cha kiatu. Jibu la jikoni lilimfanya amfundishe mama kugeuka kwa hatua ndogo ndogo za duara badala ya kujizungusha juu ya mguu uliopasuliwa.

Alitupa pia vipimo viwili vya kupima nyumbani mara moja kwa wiki, na saa ya simu ilitosha. Cha kwanza: kiti kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani, mikono imepishanishwa kifuani, inuka na ukae mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Ukijisukuma kwa mikono, hesabu ni sifuri. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara 10 ni udhaifu wa miguu unaomweka katika hatari ya kuanguka. Cha pili: kutoka kitini, tembea mita 3, geuka, rudi, kaa. Sekunde 12 au zaidi, hatari bado ipo. Wiki ya saba mama alipata 0 kwenye cha kwanza na sekunde 41 kwenye cha pili. Niliogopa kumwambia, lakini nilikwisha jifunza, nikamwambia. Akauliza, "Wiki ijayo tunapima siku gani?"

Sifuri ile haikumvunja moyo kama sifuri ya hatua. Nimelifikiria sana hilo. Nadhani ni kwa sababu hii ya pili aliielewa. Aliinuka kwa mikono, akaona mwenyewe kwamba ameinuka kwa mikono.

Wiki ya kumi akainuka mara 3. Ya kumi na tatu, mara 6. Fremu ikaenda stoo, akapewa mkongojo. Tulihitaji kufundishwa kwamba mkongojo hushikwa mkono wa upande mzima, kinyume na nyonga iliyopasuliwa, nasi tulikuwa tumeuweka upande mbovu kama watu wote wafanyavyo. Ngazi nazo zina utaratibu: kupanda huanza mguu mzima, kushuka huanza mguu mbovu pamoja na mkongojo. Programu ilikuwa na video nzuri ya ngazi, na hii moja nitaisifu bila kusita. Mama aliitazama mara nyingi hata asipopanda, kidole kimesimama hewani, akirudia kwa midomo: mzima juu, mbovu chini.

Kuna mambo mawili niyataje, maana yanasahaulika. Zimeni ruhusa ambazo programu haina kazi nazo. Yetu ilitaka majina yote ya simu ya mama na mahali alipo, na mazoezi yaliendelea vizuri tulipokataa. Jingine, muulizeni daktari kwa nini mfupa umevunjika. Mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe na nyonga ikavunjika, aghalabu mifupa ilikwisha dhoofika kimya kimya, na dawa za kuiimarisha zipo. Sisi tulifika mwezi wa tatu kabla ya yeyote kulitaja hilo, na ni mimi niliyeuliza.

Lililobaki lilikuwa hofu. Programu haikuwahi kumuuliza mama kama anaogopa, na hakuna mahali pa kuandika namba yake. Kufikia mwezi wa nne miguu iliweza. Mchana alipita koridoni bila shida. Usiku aliniamsha, kila usiku, mara mbili au tatu, nimsindikize chooni. Tuliweka taa ndogo zinazowaka mtu akipita, tukaondoa zulia, tukafunga vyuma vya kushikia ukutani. Aliendelea kuniamsha. Mtaalamu akashauri tuirudie njia ile ile kwa makusudi, kwanza mchana, kisha jioni taa zimefifia, mimi mbele, kisha mimi nyuma, kisha mimi nimesimama mlangoni kwangu tu. Mahali alipoangukia alisimama kila mara. Sikumharakisha. Aliweka kiganja ukutani, akapumua, akaendelea.

Kufikia mwezi wa tano simu ilikuwa imeshatoka kwenye soksi. Hatua zake zilikuwa na nguvu ya kutosha, mfuko wa gauni ulitosha kuzihesabu, ingawa hatukuzitazama tena kila siku. Asubuhi moja nilifungua programu kuandaa kurasa za Ijumaa, nikaona kitu kwenye jedwali la siku. Kati ya saa nane na saa kumi usiku palikuwa na kijiti kimoja kifupi cha kijani, mahali ambapo siku zote hapakuwa na kitu. Nilikigusa. Saa tisa na dakika kumi usiku, hatua 34.

Nilikwenda kumtazama. Alikuwa amekaa kitandani anapiga nyayo juu na chini, simu iko pembeni yake, tochi bado inawaka.

"Mama, usiku uliamka?"

"Niliamka," akasema. "Ulikuwa umelala."